Breki Zinazotaka Shangazi

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani, na suti ninayo mwilini. (Ya kuazima, lakini suti ni suti.) Nawaandikia nikiwa Kibondo, nimejibanza nyuma ya banda la kuku la baba mkwe, maana hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayenicheka. Kuku nao sina uhakika nao. Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe kwenu, mafundi wenzangu wa Kigoma, na nawaomba muisome kimya kimya. Najua hamtasoma kimya kimya.

Nianzie mwanzo. Felista mnamfahamu. Kama hamjamwona kwa macho, mmechoka kumsikia kwangu. Ni binti wa Mzee Barnaba wa hapa Kibondo, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia isiyovuliwa. Harusi yetu ni Jumamosi hii. Mahari imepokelewa, tangazo limesomwa kanisani, nguo zimeshonwa. Kilichokuwa kimebaki ni kitu kimoja tu. Pijo.

Mzee Barnaba ana Pijo 404, pikapu, rangi ya maziwa, kongwe kuliko mimi. Mabinti wote wa ukoo ule wamekwenda kanisani ndani ya gari hilo, na haijasikika hata siku moja kwamba mmoja amekwenda kwa gari jingine. Ila breki zake zilikuwa za dramu, na dramu ikishalowa maji haina rafiki. Mvua zilizopita mzee alivuka kijito, akapanda kilima, akateremka, akakanyaga breki. Gari likamsikiliza kwa adabu zote, kisha likaendelea na safari yake mpaka katikati ya migomba ya kanisa.

Ndipo akanijia gereji Kasulu.

"Kijana, nasikia unamtaka binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na nasikia wewe ni fundi."

"Ndiyo, baba."

"Basi nitengenezee breki. Gari utaniletea mwenyewe nyumbani, kabla ya harusi. Likisimama vizuri mlangoni kwangu, Jumamosi Felista anapanda. Lisiposimama, tutakaa tuzungumze upya."

Tuzungumze upya! Mnawajua Waha wakikaa kuzungumza upya. Bibi harusi anaweza kusubiri mpaka akawa bibi kweli. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nikaamua nisifanye kazi ya kubahatisha. Dramu za mbele nikazing'oa zote, nikafunga diski kutoka kwenye Pijo 504 iliyokufa ambayo imekaa nyuma ya gereji yetu inaotesha majani. Diski hata ikilowa, inajipangusa yenyewe na kuendelea na kazi. Nyuma nikaacha dramu zake. Na hapo, wataalamu wenzangu, mnajua ndipo mambo yanapoanzia. Ukichanganya diski mbele na dramu nyuma, shida yote inahamia kwenye valvu.

(Yohana, wewe uliyekimbilia cherehani, nakueleza polepole. Unapokanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele. Nyuma panakuwa pepesi. Breki ya nyuma ikiwa kali mno, magurudumu ya nyuma yanakufa kwanza, yanagoma kuzunguka, yanateleza, na makalio ya gari yanataka kutangulia. Kazi ya valvu ni kuyapunguzia ya nyuma presha, yasijitie ubabe. Umeelewa? Endelea na pindo lako.)

Kwanza nilifanya jambo moja la akili, naomba liandikwe. Ndani ya masta silinda ya zamani, ile pampu ya breki, kuna kivalvu kidogo kinachobakiza presha kwa ajili ya dramu. Ukikisahau kwenye upande wa diski, pedi zinaing'ang'ania diski, gari linanuka moshi na kugoma njiani. Mimi sikukisahau. Nilikitoa, nikakiweka dirishani, nikakitazama kwa kiburi. Laiti ningeishia hapo.

Sasa mezani nikabaki na valvu mbili za kuchagua. Ya kwanza ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka barabara ya Kigoma. Hii ina mkono na springi, na ule mkono unafungwa kwenye ekseli ya nyuma, mtaimbo unaobeba magurudumu. Ukipakia mzigo, gari linashuka, mkono unajua, valvu inaongeza breki ya nyuma. Ukishusha mzigo, gari linapanda, mkono unajua, valvu inapunguza. Ni chombo cha kizee, kimepakaa tope, kina kutu, hakivutii hata kidogo.

Ya pili! Jamani, ya pili! Niliipata kwa binamu yangu dereva wa malori, naye aliitoa Dar es Salaam kwenye gari bovu la mashindano. Inang'aa. Haina mkono wala springi za nje. Ina kitufe. Unazungusha kulia, breki ya nyuma inaongezeka. Unazungusha kushoto, inapungua. Unaiweka utakavyo na inatulia hapo hapo.

Baba mdogo Eliya, ambaye ndiye mshenga wangu, alikuwepo. Akaigonga ile ya mkono kwa kidole.

"Hii kazi yake nini?"

"Inapima mzigo, baba mdogo. Inajua kama gari limejaa au ni tupu."

Akacheka. "Kujua gari ni tupu? Kasulu hii? Wewe umewahi kuona pikapu tupu?"

Nikafikiri. Kweli! Niambieni nyinyi, toka mzaliwe, pikapu gani huku kwetu imewahi kwenda tupu? Hata ikitoka gereji kwenda kujaza mafuta, kuna mama mmoja na ndoo zake ameshapanda. Gari tupu lilikuwa jambo la kufikirika tu. Kwa hiyo ya mkono nikaifunga gazeti nikaitupa chini ya meza, nikafunga ya kitufe.

Na kuipima nikaipima kwelikweli. Nilipakia magunia ya maharage ya jirani, nikaongeza majirani wenyewe juu yake, tukashuka mteremko wa sokoni. Nakanyaga, nazungusha kitufe kulia kidogo. Nakanyaga tena, nazungusha tena. Mwishowe Pijo ikawa inasimama kama imeambiwa habari mbaya. Majirani wakashangilia. Baba mdogo akasema huyu Barnaba safari hii ataleta mbuzi wa ziada.

Basi leo asubuhi tumetoka Kasulu, mimi na suti, baba mdogo Eliya na kanzu yake ya ushenga. Nilisema hatupakii mtu. (Nilisema.) Tukiwa bado tunaliona soko, walikuwa wameshapanda wanne. Kijiji cha Nyakitonto wakaongezeka wengine na mahindi yao. Tulipofika Makere akapanda Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mfanyabiashara wa sabuni, na tenga la kuku. Barabara imechimbwa na malori ya chakula cha wakimbizi mpaka imekuwa kama ubao wa kufulia, na mvua ya jana iliifanya iteleze vizuri. Kila nilipokanyaga breki, gari lilisimama wima. Ng'ombe akikatiza, tunasimama. Daraja bovu, tunasimama. Mkongomani akanigongea bati la juu kwa furaha.

"Papa shofere! Hii freini yako inakamata muzuri sana! Kwetu tungekuita enjeniere!"

Enjeniere! Injinia mzima! Nikaona jina hilo limeandikwa juu ya mlango wa gereji. Nikaanza kuimba. Baba mdogo akaniunga mkono kwa sauti ya pili. Nilikuwa na furaha ambayo, nikiifikiria sasa, ilikuwa inanichongea.

Tukaingia Kibondo. Nyumbani kwa Mzee Barnaba ni mteremko kidogo baada ya soko, nyumba ya bati yenye uzio wa minyaa, na mlango wa uzio unaitazama barabara. Baba mdogo akaniambia nisimamishe sokoni.

"Washuke wote."

"Wengine wanakwenda mbele, baba mdogo."

"Ukweni huendi na kuku wa watu! Unataka Barnaba aseme umemfanyia Pijo yake gari la abiria? Shusha. Na mimi nashuka. Mshenga hutangulia kwa miguu akabishe hodi, wewe unafuata peke yako, kama mtu."

Wakashuka wote. Mahindi yakashuka. Sabuni ikashuka. Kuku wakashuka. Baba mdogo akatangulia na fimbo yake. Nikapangusa viatu, nikarekebisha tai, nikasubiri kidogo, nikawasha gari.

Tangu nimelifungia zile breki, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Pijo kutembea tupu. Na mimi fundi, mimi enjeniere, mimi niliyekitoa kivalvu kwenye masta silinda kwa mikono yangu hii, sikulikumbuka hilo hata kidogo. Niliona tu gari limekuwa jepesi. Nikadhani ni mapenzi.

Nikatokeza juu ya mteremko. Hao hapo! Ukoo mzima umejipanga mbele ya uzio. Mama mkwe na kitenge kipya. Wanawake wa kwaya. Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa Mzee, mwenye mwili wake na kauli yake, na hakuna harusi inayofungwa pale bila yeye kukubali. Mzee Barnaba katikati, shati jeupe, kofia. Na pembeni, kwenye kivuli cha bati, Felista wangu, anajifanya kutazama pembeni. Moyo ukanipasuka kwa raha.

Wakaniona, wakapiga vigelegele. Na mimi nikaongeza mafuta. (Ndiyo. Niliongeza. Msiniulize.) Nilitaka nije kwa kasi kidogo, kisha nisimame papo hapo mbele ya mzee, aone diski ni kitu gani.

Nikakanyaga.

Mbele pakashika. Nyuma pakafa. Nikasikia makalio ya Pijo yananipita upande wa kulia, polepole, kama mtu mwenye haraka zake. Nikaona uzio. Nikaona soko nilikotoka. Nikaona uzio tena, ila sasa kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Tope jekundu likaruka juu kama limetupwa kwa beleshi. Kisha gari likasimama.

Lilisimama vizuri sana, jamani. Pale pale mlangoni. Isipokuwa lilikuwa limeugeuzia ukoo mzima mgongo, na uso wake unaangalia Kasulu.

Vigelegele vilikatika katikati. Injini nayo ikazimika, nadhani kwa aibu. Nikashuka. Kila aliyesimama pale alikuwa na madoa mekundu. Kitenge kipya, madoa. Shati jeupe la Mzee, lilikuwa si jeupe tena. Baba mdogo Eliya alikuwa ameshika fimbo yake anatazama mbinguni.

Wa kwanza kusema ni Shangazi Skolastika, kwa sauti ya kusikika hospitalini.

"Gari limekataa! Mmeona wenyewe! Limefika mlangoni likageuka kurudi kwao!"

"Limekataa!" wakaitikia wa kwaya, kwa sauti mbili.

Mimi huyo kwa Mzee Barnaba, nimeshaandaa maelezo. Nikafungua mdomo. Akainua mkono. Kumbe kwanza tusalimiane! Mnajua salamu za huku hazirukwi, hata nyumba iwe inaungua. Akapiga makofi taratibu, nami nikainama nikapiga yangu.

"Mwidiwe."

"Mwidiwe, baba."

"Kasulu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Baba yako?"

"Hajambo."

"Mama yako, mguu wake?"

"Umepona, baba."

Tope linamtiririka kwenye shavu. Hapangusi.

"Mvua mmepata?"

"Tumepata, baba." (Moyoni: baba, gari limenishinda pale!)

"Maharage?"

"Yamekubali."

Alimaliza ndugu, akamaliza mifugo, akafika mpaka kwa jirani yetu aliyevunja baiskeli. Mimi natamani ardhi ipasuke, na kila nikimtazama Felista naona ameficha uso kwenye khanga na mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikajua yamekwisha. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote, na nikaona Jumamosi yangu inaondoka kuelekea ule upande Pijo ilikokuwa inaangalia.

Ndipo Mzee akavua kofia. Mara ya kwanza namwona kipara.

"Na gari?"

"Baba, breki ni nzima kabisa. Ni kwamba gari halina watu."

"Halina watu."

"Nilizipima likiwa na watu. Likiwa tupu, nyuma panakuwa pepesi, breki ya nyuma inakuwa kali kuliko uzito."

Akafikiri.

"Kwa hiyo watu wakiwemo, linasimama."

"Linasimama, baba."

"Na nikiwa peke yangu?"

"Linageuka."

Mtu mmoja kwenye kwaya akashindwa kujizuia. Kisha wa pili. Mzee hakucheka. Aliugeukia ukoo wake uliojaa tope akasema neno moja tu.

"Pandeni."

Wakapanda! Wa kwaya wote. Mama mkwe mbele kwangu, ananuka tope na marashi. Baba mdogo Eliya na kanzu yake. Felista akaja mbio, akaruka nyuma kabla hajakatazwa, na ndipo nilipomwona uso. Hakuwa analia hata kidogo. Alikuwa anacheka mpaka machozi, mtoto wa watu. Aliyebaki chini ni Shangazi Skolastika.

"Mimi gari lililokataa sipandi."

"Dada," akasema Mzee, "bila wewe uzito hautoshi."

Sikuamini kama binadamu anaweza kumwambia Shangazi maneno hayo akabaki hai. Lakini Shangazi alisimama, akayatafakari, akajipangusa kitenge, na nikaona uso wake unabadilika taratibu kama mtu aliyeteuliwa mwenyekiti.

"Kumbe mnanihitaji. Si mngesema."

Akapandishwa. Akakaa mwisho kabisa, juu ya ekseli, mikono huku na huku. Mzee akanipa ishara nisogee, akashika usukani mwenyewe. Tukapanda mpaka juu ya mteremko, akageuza gari, akashuka nalo kwa kasi kuliko yangu. (Dereva mstaafu, wapi!) Kwaya wameanza wimbo. Mlango wa uzio unatujia. Mzee akakanyaga.

Pijo ikasimama. Imenyooka, haikuyumba hata unywele, pua yake mbele ya mlango, inaangalia nyumbani kwa Felista.

"Tena!" akapiga kelele Shangazi kutoka nyuma.

Tukarudi juu. Likasimama. "Tena!" Likasimama. Watoto wa jirani wakataka kupanda, muuza sabuni Mkongomani akatokea na kuku wake naye akapandishwa, na kila likisimama vigelegele vinapigwa vya kuziba masikio. Mama mkwe alinishika bega akicheka hata hawezi kuongea. Sijawahi kuona watu wenye tope kiasi kile wakifurahi kiasi kile. Mwishowe Mzee akazima gari, akashuka, akavaa kofia yake.

"Limesimama," akasema. "Jumamosi Felista anapanda."

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Nilipiga makofi, nikainama mpaka tai ikagusa tope. Nikasema, "Asante baba, sasa niruhusu nizungushe kitufe kidogo tu, kushoto, litakuwa linasimama hata likiwa tupu. Ni kazi ya muda mfupi."

"Usiguse!" Walisema wawili kwa pamoja, Mzee na dada yake.

"Lakini baba..."

"Ulipogusa mara ya kwanza limenimwagia tope," akasema Mzee. "Sasa linasimama. Dada yangu akiwa nyuma, linasimama. Liache hivyo hivyo."

"Mimi ndiye breki," akasema Shangazi, hajateremka bado. "Huyu mtoto haendi popote na gari hili bila mimi."

Nikamfuata Felista pembeni. Nikamweleza kwa kunong'ona kwamba naweza kurekebisha kisirisiri, hakuna atakayejua. Akanipangusa tope kwenye sikio kwa ncha ya khanga.

"Zakayo. Ukizungusha hicho kitufe, utakuwa umemshusha Shangazi kwenye gari. Unataka harusi hutaki?"

Nataka. Ndiyo maana niko nyuma ya banda la kuku na bisibisi iko mfukoni, haijafanya kazi. Kanisani tutakwenda sisi wawili mbele na Shangazi Skolastika nyuma juu ya ekseli. Fungate tumepewa Pijo twende nayo Kigoma kuangalia ziwa, na tangu saa ile namsikia Shangazi ndani anauliza Kigoma kuna baridi au abebe khanga nyepesi. Ile valvu ya mkono iko Kasulu chini ya meza, kwenye gazeti, na inajua kupima mzigo bila kuubeba.

Basi msinicheke. Na atakayecheka, Jumamosi aje apande nyuma. Shangazi amesema kuna nafasi.